Alama ya Chini Isikatwe

Mie nina wivu. Nalisema mwenyewe kabla hamjaanza kuninong'ona. Nilikuwa nao tangu shule ya msingi. Mwenzangu akisifiwa mwandiko, mie kichwa kinaanza kuniuma, kweli kabisa kinauma, mpaka mwalimu ananiruhusu nirudi nyumbani. Nilipokuwa mtu mzima nikadhani umeisha. Kumbe ulikuwa umekaa pembeni unamsubiri yule sista wa Mbweni.

Nina steshenari Buguruni, nyuma ya soko, katikati ya fundi cherehani na muuza ndoo. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nabana ripoti za wanafunzi. Lakini kilichonijulisha kwa watu ni nota. Walimu wa kwaya wananiletea nyimbo walizotunga kwa mkono kwenye karatasi za daftari, wanataka zichapwe zigawiwe kwa waimbaji. Nota zetu si zile za vichwa vyeusi kwenye mistari mitano. Ni herufi tu: d, r, m, f, s, l, t, zimepangwa safu nne, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na maneno ya wimbo chini yake. Halafu kuna kialama kidogo mno, mkwaruzo tu. Kikikaa juu ya herufi, unaiimba juu. Kikikaa chini, unaiimba chini. Kikipotea, mwimbaji anaimba herufi ile ile lakini anapaa peke yake, na kanisa zima linageuka kumtazama.

Sasa kuchapa vitu hivyo kwa programu ya kuandikia barua ni adhabu. Ukisogeza herufi moja, wimbo mzima unalala upande. Nilichapa hivyo miaka, nikitukana kimoyomoyo, mpaka siku moja nikasema basi. Chuo cha kompyuta nilikuwa nimekiacha njiani, ila kichwani kilibaki kitu. Nikajifundisha yaliyobaki kwa laptopu ya mtumba iliyong'oka kitufe cha herufi e, nikawa nabonyeza kwa ncha ya kalamu. Karibu miaka miwili. Siku wimbo wa kwanza ulipotoka kwenye printa, safu nne zimesimama sawasawa, nilipiga vigelegele peke yangu, fundi cherehani akaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Mama yangu alikuwepo siku hiyo. Baada ya baba kufariki nilimchukua kutoka Songea, akawa anashinda nami dukani, kwenye kigoda nyuma ya mashine ya fotokopi. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili tangu usichana wake, na hapa Dar akajiunga na kwaya ya kigango chetu. Pale kwenye kigoda alikuwa na mchezo wake: anachukua kalenda za zamani, anazigeuza upande mweupe, anaandika nota kwa maka peni. Nilimuuliza mara moja ni za nini. Akasema, "Najikumbusha tu, mwanangu." Nikaona ni mambo ya uzee, nikarudi kwenye laptopu yangu.

Programu sikuiuza. Niliiweka wazi mtandaoni, mtu yeyote aichukue, aifungue aone ilivyoshonwa ndani, airekebishe, ampe na mwingine. Programu huria ndivyo zilivyo. Watu wakanisifu kwamba nina moyo wa kutoa. Ninao kiasi. Lakini nisiwadanganye, nilitaka kujulikana. Kitu cha bure kinafika mbali, na kila kinapofika kinafika na jina langu.

Kikafika kweli. Songea, Bukoba, Tabora, mpaka Mombasa. Grupu la simu likajaa walimu wa kwaya na vijana wa kompyuta. Hapo ndipo nilipojua tabu ya kulea kitu cha wote. Mtu hajawahi kukuona, hata habari za asubuhi hakupi, anaandika tu, "Programu yako imekula beti la tatu na tunaimba kesho." Ukimtengenezea beti la tatu haonekani tena, mpaka siku beti la nne likiliwa. Mteja kasimama na kitambulisho chake anataka fotokopi, mie nimeinamia simu namwelekeza katekista wa mbali huko namna ya kupanga mapigo. Nililalamika kila siku ya Mungu. Nilipenda pia, kwa sababu walikuwa wananihitaji mie.

Jumamosi moja kila mwezi tunakutana Kinondoni, kwenye ukumbi wa parokia fulani. Tunakuwa kumi na watano, ishirini hivi. Kuna mihogo, kuna soda, kuna projekta ya kuazima inayotoa kila kitu rangi ya njano. Huko niliweka utaratibu, na nauelezea kwa sababu ndio ulionimaliza. Kila programu inapotoka mpya, aliyeandika badiliko lile anasimama, msimbo wake, yaani zile amri alizoiandikia kompyuta, unaangushwa ukutani, anausoma mstari kwa mstari mbele ya wote. Tunaita kusoma ukutani. Maana yangu ilikuwa mtu asituletee kitu asichokielewa. Halafu nikasema, maelezo yote ndani ya msimbo yawe kwa Kiswahili. Maelezo ni yale maneno ambayo mwandishi anayaweka pembeni ya amri. Kompyuta inayaruka, ni ya binadamu atakayesoma baadaye. Nilitaka hata mwalimu wa kwaya asiyejua kompyuta akitazama ukutani aambulie kitu.

Na kulikuwa na ufunguo. Mtu yeyote anaweza kuleta rekebisho, lakini haliingii kwenye programu mpaka mwenye ufunguo alipitishe, na mwenye ufunguo nilikuwa mie peke yangu. Naomba mnielewe hapa. Sina gari. Sina mume. Mtaani kwetu watu wananijua kama yule wa fotokopi. Ila usiku na mchana, kutoka Songea mpaka Mombasa, hakuna mstari uliopita bila mie kusema ndiyo. Kile ndicho kilichokuwa changu, na nilikuwa radhi nigombane na yeyote atakayekigusa.

Mama alifariki mwaka juzi. Alikuwa ameacha kwaya kitambo, akisema magoti hayamruhusu kwenda mazoezini. Grupu zima lilikuja msibani. Walibeba jeneza, walilala kwenye turubai, na wimbo walioimba makaburini niliuchapa mwenyewe kwa programu yangu. Sijasahau wema ule.

Miezi michache baada ya arobaini ndipo sista wa Mbweni akaingia. Sista wa mjini, si mtawa.

Ujumbe wake wa kwanza ulianza, "Shikamoo dada." Ebo! Kaniongezea miaka hata hatujaonana. Ni mwajiriwa wa ofisi fulani mjini, kanizidi elimu, mie namzidi umri kama miaka minane. Akasema ameona tatizo la safu ya mwisho kudondokea ukurasa wa pili, amejaribu kurekebisha, nikipata nafasi nitazame. Tatizo hilo nilikuwa nimepigana nalo miezi mitano. Nikafungua. Mistari sita. Nilisoma mara tatu nikitafuta kosa, halikuwepo. Roho iliniuma, jamani, mpaka nikafunga laptopu nikaenda sokoni kununua ndizi nisizozihitaji.

Nikalipitisha rekebisho. Grupu likamshangilia. Mwezi ule akaja Kinondoni na hotipoti la maandazi ya iliki, mpole, sauti ya chini, gauni la kitenge lililokaa vizuri mwilini. Kuna mwalimu wa kwaya wa Temeke, mtu mzima, mtani wa kila mtu, mwenye kwaya yenye wazee wengi. Alipomwona amesimama akanyanyuka kumletea kiti. Miaka mitatu mie nabeba kiti changu mwenyewe kutoka stoo, hakuna aliyewahi kunyanyua hata mguu.

Kuanzia siku hiyo nikawa mgonjwa. Nilihesabu vidole gumba. Akiandika yeye kwenye grupu, vidole gumba ishirini. Nikiandika mie, sita, na kimoja ni cha binamu yangu. Watu wakaanza kumuuliza yeye maswali ambayo zamani waliniuliza mie, na yeye badala ya kujibu na kuvimba kichwa, anasema, "Ngojeni dada mwenyewe aje, ndiye anajua." Hilo ndilo lililoniua. Angekuwa na ubaya mmoja tu, angekuwa na kiburi, angekuwa mmbea, ningepona. Nilimtafutia ubaya mchana kutwa. Nilikuwa nafungua picha zake kwenye simu, nazikuza, naangalia nyumba ya nyuma yake, kigae, mapazia, ua la bougainvillea, nasema, aa, ndiyo maana ana muda.

Kisha akaleta kazi kubwa. Tangu zamani watu waliomba herufi kubwa kwa ajili ya wazee. Mie nilijaribu, ikashindikana: ukikuza herufi, kile kialama cha chini kinagongana na maneno ya wimbo, kinakatwa, kinapotea. Nikawajibu kwamba haiwezekani, wazee wavae miwani. Sasa yeye akaandika, "Dada, nadhani nimepata njia. Ukipata nafasi naomba uipitie. Nitashukuru ikiwahi Pasaka."

Nikamjibu, "Nitaipitia."

Nitaipitia ni neno zuri sana, halina tarehe. Wiki ya kwanza sikufungua kabisa. Ya pili nikafungua, nikaona inafanya kazi, nikafunga haraka. Ya tatu nikamrudishia: nafasi kati ya mistari ni nyingi. Akarekebisha siku hiyo hiyo. Nikamrudishia tena: majina aliyotumia ndani ni marefu. Akayafupisha, akasema asante. Nikamrudishia mara ya tatu kwamba mpangilio haunipendezi, bila kusema upi. Akauliza kwa adabu ni upi. Sikujibu.

Mwalimu wa Temeke akaandika kwenye grupu. "Dada yetu kazi zimemzidi, na duka ni lake peke yake. Kwa nini tusimpe sista wa Mbweni ufunguo wa pili wakasaidiana? Mie nina wazee wanne wa besi, wanasoma nota huku wameziwashia tochi za simu." Vidole gumba vikamiminika chini yake.

Sikuandika, nilituma sauti, na sauti hiyo hadi leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke. "Kwani mie nimekufa? Nikifa mtanizika, mkitoka makaburini mgawane funguo! Mimi hai nimekaa hapa!" Baadaye likaja jibu moja tu, la kwake. "Dada hajakosea. Ufunguo ni wake. Mie nitasubiri."

Khaa! Hata kutukana hajui. Nikaapa nitaifanya kazi ile mwenyewe, kwa mkono wangu, nimwonyeshe kila mtu kwamba sikuwa nimeshindwa. Jumatatu ya wiki iliyofuata nikabandika karatasi mlangoni, "Mashine mbovu, njoo Alhamisi," nikajifungia ndani na laptopu. Jumatatu nilikuza herufi, kialama kikakatwa. Jumanne nikasogeza maneno chini, kialama kikabaki lakini safu zikapishana. Jumatano saa nne asubuhi nililia, machozi ya hasira, fundi cherehani akagonga ukuta kuuliza kama nimefiwa tena.

Jumatano hiyo hiyo nikafungua kazi yake. Naangalia tu, nilijiambia. Nikaona alivyofanya, na ilikuwa rahisi hata ukaona aibu. Nikaanza kuandika upya ya kwangu huku ya kwake iko pembeni, kisha nikachoka kuigiza, nikabeba yote. Nikabadilisha majina, nikageuza mpangilio, nikafuta maelezo yake yaliyokuwa juu. Halafu nikaweka jina langu.

Wasiofanya kazi hii watauliza, kuna kosa gani, si mlisema kila kitu ni bure, kila mtu achukue? Ndiyo, chukua. Chukua mstari, chukua programu nzima, kaifanye unavyotaka kwako. Ila mwachie mwenyewe jina lake. Hicho ndicho kitu kimoja tu ambacho hatugawani, na nilikijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa naulisha wivu wangu kwa hicho hicho kila siku.

Alhamisi nikaitoa. Ombi lake la kupitishiwa kazi nikalifunga na neno moja, "Limeshughulikiwa." Grupu likalipuka. Hongera dada, dada ni mashine, dada hajawahi kushindwa. Vidole gumba arobaini na tatu. Mwalimu wa Temeke akatuma sauti ya wazee wake wanne wakicheka kwa furaha. Nilikula wali na samaki mchana huo nikasikia ladha yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kati ya vile vidole gumba kimoja kilikuwa cha kwake, na chini yake kaandika, "Hongera dada. Wazee watafurahi." Nilisoma, nikaendelea kula.

Jumamosi ilikuwa ya mkutano. Ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Yeye alikaa nyuma karibu na dirisha, kavaa miwani, daftari mapajani. Projekta ikawashwa, msimbo ukaanguka ukutani na rangi yake ya njano, nami nikasimama mbele na fimbo ya kuonyeshea. Nilisoma vizuri, nisijisifu. Nilikuwa na sauti. Hapa tunapima urefu wa herufi, hapa tunasukuma maneno chini, hapa tunaulizia kama kuna alama. Watu wanaitikia kwa vichwa. Nikashusha ukurasa.

Katikati ya ukuta, kwa Kiswahili safi, kwa utaratibu niliouweka mwenyewe, kulikuwa na maelezo ambayo sikuyaona nilipokuwa nafuta ya juu. Nilishaanza kuyasoma kwa sauti kabla akili haijafika. "Alama ya chini isikatwe hapa. Mama haoni vizuri, akiikosa anapaa juu peke yake na watu wanamgeukia."

Maneno yalikuwa makubwa ukutani, hata aliye mlangoni aliyasoma. Mwalimu wa Temeke, na namjua, hakuwa na nia mbaya, alichanganyikiwa tu, akasema polepole, "Dada, lakini mama si tulimzika wote?"

Nyie, kuna aibu za aina nyingi. Hii sikuwa nimewahi kuionja. Na kabla sijapata la kusema, yeye akasimama kule dirishani. "Ni mie," akasema. "Tulikuwa tunaongea na dada kwenye simu, nikamweleza habari za mama yangu, nikamwomba aandike hivyo. Samahani, ningesema mapema."

Alidanganya. Alidanganya kwa ajili yangu, mbele ya ukumbi mzima, sauti ile ile ya chini, wala hakutafuta maneno. Mtu mwenye akili angeshukuru, akashusha ukurasa, akaendelea. Mie nilichosikia kwanza, Mungu anisamehe, ni wivu. Hata kunisitiri ananizidi! Nikaitupa fimbo mezani.

"Anawadanganya," nikasema. "Hatujawahi kuongea kwenye simu hata siku moja. Kazi yote ni yake. Ilikaa kwangu wiki saba, nikairudisha mara tatu bila sababu, halafu nikaiiba. Jumatano. Nilifunga duka ili niibe vizuri."

Hakuna aliyenizomea, na afadhali wangenizomea. Mama mmoja alinisogezea kiti. Mwalimu wa Temeke akakuna kidevu, akasema, "Haya. Utaratibu ni aliyeandika asome. Sista, njoo mbele."

Akaja. Akachukua fimbo, akaniangalia kwanza kuona kama namruhusu, nikaitikia kwa kichwa. Alianzia mstari ule ule. Akasema mama yake anaimba sauti ya pili huko Mbweni na macho yanaondoka taratibu. Hakutaka kumwambia mwalimu wa kwaya, aliogopa ataambiwa apumzike. "Nilikuwa namwona kila jioni anageuza kalenda za zamani," akasema, "anaandika nyuma yake safu yake tu, kwa maka peni, herufi kubwa kubwa. Nikadhani anajifurahisha. Siku moja nikatazama vizuri nikaona vialama amevinenepesha kuliko herufi. Ndipo nikajua. Yeye nilishamchapia nyumbani tangu nilipomaliza. Huku nilileta kwa ajili ya mama za watu wengine."

Mwalimu wa Temeke akacheka kwa huruma. "Kalenda! Kwangu kule Januari wazee wote wanaziomba. Mwimbaji akianza kukuomba kalenda ya zamani, ujue macho yamechoka ila kuimba hajachoka. Si kila mtu anajua hilo?"

Watu wakaitikia, ndiyo, hata bibi yangu, hata wa kwetu. Kila mtu alijua. Mie nilikaa kwenye kile kiti nikiangalia viatu vyangu, wala sikusikia tena aliyoendelea kusoma.

Nilipotoka pale sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja dukani, jua bado kali, nikafungua nusu mlango. Kwanza nikamaliza ya watu. Kwenye programu hizi kumbukumbu hazifutwi, unaweza tu kuongeza juu yake. Kwa hiyo ya Alhamisi ipo hadi leo na jina langu, yeyote anaweza kuiona. Juu yake nikaandika nyingine: "Kazi ya Alhamisi si yangu," nikamtaja mwenyewe. Kisha nikampa ufunguo. Siyo wa pili wa kusaidia, ufunguo kamili, anaoweza kunifungia nje nao akitaka. Akajibu baada ya muda mfupi. "Asante dada. Nitakuwa nakuuliza kabla ya kupitisha." Na anauliza kweli, hadi leo. Na hadi leo kila akipata vidole gumba navihesabu.

Halafu nikavuta begi la mama lililokuwa chini ya kaunta, ambalo tangu msiba sikuwa nimelifungua. Kalenda zilikuwa kumi na moja, zimeviringishwa pamoja, zimefungwa kwa uzi wa cherehani alioomba kwa jirani. Nikaikunjua ya kwanza nikaibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Safu moja tu, sauti ya pili. Herufi kubwa kama kiganja cha mtoto. Vialama vya chini vimepitiwa na wino mara mbili, mara tatu, ili visipotee. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikasoma wimbo wote bila kukunja macho.

Kalenda ya mwisho ilikuwa imeishia katikati ya wimbo. Herufi zimeanza nyeusi, zikawa za kijivu, zikawa mikwaruzo ya maka peni iliyokauka, kisha karatasi nyeupe. Niliukumbuka wimbo ule. Ndio uliokuwa ukifundishwa mwezi alioacha kwaya, mwezi alioniambia ni magoti. Na niliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye boksi la kaunta kuchukua maka peni nyingine, mie nimeinamia laptopu, natengeneza safu ya watu wa Mombasa, nikamwambia bila kugeuka, "Mama, unanimalizia maka za biashara."

Akasema, "Samahani mwanangu," akairudisha kwenye boksi.